Jiwe Lisilojua Kusoma

Kwetu Buhaya hadithi haianzi hivi hivi. Msimulizi husema: Nilikuja, nikaona. Na wanaomsikiliza humjibu: Ona, nasi tuone. Wasipomjibu, hasemi neno.

Haya, wajukuu zangu, sogeeni hapa. Nilikuja, nikaona.

Nikaona wilayani Muleba, mahali panapoitwa Kaboya, makaburi mengi. Si kumi, si ishirini. Ni mamia. Wamelala hapo askari wetu. Na pale makaburini umesimama mnara mweupe, umeandikwa majina. Jina, chini yake jina, chini yake jina lingine. Macho yanachoka kabla majina hayajaisha.

"Babu, hayo ni majina ya nani?"

Umeuliza vema, mjukuu wangu. Wapo watu wazima wanaopita pale na basi kila mwezi na hawajawahi kuuliza.

Ni majina ya vijana waliokwenda vitani wakafa. Wengine walikuwa na umri wa kaka zenu. Vita vyenyewe twaviita Vita vya Kagera. Vilianza Oktoba 1978, wakati ambao mimi na wenzangu wa rika langu tunaukumbuka vizuri, na ninyi hamjafikiriwa hata kuzaliwa. Uganda ilitawaliwa na Idi Amin. Askari wake wakavuka mpaka, wakaingia kwetu, wakafika mpaka Mto Kagera. Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto sasa ni yake. Yake! Mashamba ya watu, ng'ombe wa watu, nyumba zenye moto jikoni. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari kikaporwa. Ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu.

"Na watu je, Babu?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Watu walikimbia. Mama na mtoto mgongoni, godoro kichwani, mwingine ameshika kuku tu kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mkono wake ulichogusa. Wapo waliochelewa. Inakadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa kule ng'ambo ya mto. Hata Bukoba mjini ndege za Amin zilikuja kuangusha mabomu Oktoba hiyo, vioo vya madirisha vikapasuka, watu wakaukimbia mji.

Tarehe 2 Novemba 1978 Rais wetu, Mwalimu Julius Nyerere, akalitangazia taifa kwamba tutampiga aliyetuvamia. Jeshi la Wananchi, JWTZ, likaja, na mgambo pamoja nalo, vijana kutoka kila pembe ya nchi. Novemba hiyo hiyo wakauvuka mto kurudi kwetu. Januari 1979 wakaichukua Mutukula, pale mpakani. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka na Amin akakimbia. Sitawaeleza yote leo. Mengine mtayasoma mkikua kidogo, na nitafurahi mkiyasoma mmekaa na mtu wa kuwajibu.

Baada ya vita tulitaka kukumbuka. Watu hukumbuka kwa njia nyingi, na mkoa wetu umezijaribu karibu zote. Zamani mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi. Mwaka 1979 ukapewa jina la mto uliopiganiwa, ukawa Kagera. Kwa hiyo kila mwalimu anapoandika jina la mkoa ubaoni, anaandika kumbukumbu ya vita, hata kama hajui. Bukoba mjini kuna sanamu ya askari anayeshangilia ushindi. Kuna viwanja vya Mayunga, vilivyopewa jina la Jenerali Silas Mayunga, mmoja wa makamanda wa vita ile. Kule Kyaka limebaki gofu la kanisa lililopigwa mabomu. Na kila tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa nchi nzima.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilipokuwa naeleza haya, mtoto mmoja mdogo, mwenye jino moja limeng'oka, akanikatiza.

"Babu, kwa nini hawakujenga kitu cha kutumia? Wangejenga maktaba, wakaipa majina yao."

Nilinyamaza kidogo. Nikamwambia: mwanangu, umeuliza swali ambalo wakubwa wa dunia wameligombania miaka mia moja.

Ni kweli kabisa. Ipo miji midogo, mbali na hapa, ambayo baada ya vita iliketi chini ikajiuliza: tusimamishe jiwe, au tujenge nyumba? Nchi ya New Zealand ilipoteza vijana wengi katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita serikali yake ikawaambia watu wa miji: mkichanga pauni moja kujenga ukumbi wa jamii wa kuwakumbuka waliokufa, sisi tutaongeza pauni moja. Watu wakachanga. Na katika mji wa Lower Hutt wakafungua mwaka 1956 maktaba, jina lake Maktaba ya Kumbukumbu ya Vita. Mtoto anaingia pale kutafuta kitabu cha samaki, na yuko ndani ya kumbukumbu ya babu yake. Hakuna aliyemwambia avue kofia. Anasoma tu.

Ubelgiji ilikuwa vingine. Mji wa Leuven ulikuwa na maktaba ya chuo kikuu. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani likaichoma. Vitabu 300,000 hivi viliteketea.

"Vitabu viliwakosea nini?"

Havikumkosea mtu. Ndiyo maana dunia ilikasirika. Vyuo na shule za Marekani zikachanga fedha, maktaba mpya ikajengwa, ikafunguliwa Julai 1928, na majina ya waliochanga yakachongwa kwenye mawe ya kuta zake. Mwaka 1940, vita vingine, ikaungua tena. Wakajenga tena! Mnaona ukaidi mzuri ulivyo?

Na hapa kwetu? Nendeni Unguja, Mnazi Mmoja. Liko jumba jeupe lenye kuba, Beit el Amani, yaani Nyumba ya Amani. Lilichorwa na Mwingereza J.H. Sinclair, likafunguliwa mwaka 1925, kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Halikuwa mnara wa kutazama tu. Lilifanywa makumbusho, watu waingie waone na wajifunze. Na msidhani vita hivyo havituhusu watu wa Kagera. Juni 1915 Waingereza walikuja na meli kupitia ziwani, wakaishambulia Bukoba iliyokuwa chini ya Wajerumani, wakakibomoa kituo cha simu ya upepo. Wazee wa wazee wetu walisikia mizinga ile wakiwa mashambani.

Kwa hiyo yule mwenye jino moja limeng'oka hakuwa anacheza. Wazo lake lina ndugu Unguja, lina ndugu New Zealand.

"Lakini Babu, nyumba ya vitabu inakumbukaje mtu aliyekufa?"

Fikirini kibanja. Nani hapa kwao hakuna kibanja? Haya. Katikati kuna nyumba. Kuizunguka nyumba kuna migomba, na chini ya migomba kuna kahawa na maharage. Na humo humo kibanjani, si mbali na mlango, amelala babu wa babu. Hatukumpeleka mbali. Tumemzika pale tunapokula. Kila mkungu unaokatwa umetoka kwenye udongo alioulima na anaoulalia. Mtoto akila ndizi hapigi magoti kwanza. Anakula, anashiba, anakimbia kucheza. Lakini mgeni akiuliza, "Kibanja hiki cha nani?" mtoto huyo huyo atamtajia babu, na baba wa babu, na baba yake yule. Jina limeingia pamoja na chakula. Maktaba iliyojengwa kwa ajili ya waliokufa ni kibanja cha namna hiyo. Waliokufa wamo. Walio hai wanakula humo.

Sasa niwape hadithi fupi. Hii nimeitunga mwenyewe, msije mkaitafuta kwenye gazeti. Nilikuja, nikaona.

Tuseme palikuwa na mtoto wa darasa la tano, msichana, anakaa Bukoba mjini. Aliazima kitabu maktaba, kitabu cha Vita vya Kagera. Siku ya Mashujaa mama yake akamwambia, "Twende Kaboya, kaka yangu yupo pale." Wakapanda Hiace. Kitabu kikasafiri ndani ya begi la shule, pamoja na chapati mbili na chupa ya maji.

Walipofika, mtoto akaliweka begi chini ya mnara. Mama akaenda kutafuta kaburi. Mnara ukatazama chini, ukaona kitabu kimechungulia kwenye zipu.

"Wewe mwembamba, umetoka wapi?"

"Bukoba, maktaba."

"Mvua ikinyesha unafanya nini?"

"Nalowa. Kurasa zinashikana."

"Mchwa?"

"Wananipenda sana."

Mnara ukajisikia vizuri. "Mimi mvua inaninawisha tu. Mchwa hawanijui. Na nina majina. Yatazame! Nimeyabeba miaka yote."

"Nisomee moja," kitabu kikasema.

Mnara ukanyamaza.

"Moja tu. Lolote."

"Siwezi," mnara ukasema polepole. "Niliandikwa. Sikufundishwa kusoma."

Kitabu hakikucheka. Kikasema, "Hata mimi. Nina kurasa nyingi na sijawahi kuusoma hata mmoja. Namsubiri mtu."

Yule msichana akarudi. Akasimama mbele ya mnara, akaanza na jina la juu. Akalisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, maana lilikuwa jina refu la watu wa mbali na kwetu. Akasoma la pili. Akasoma la tatu. Na kila jina liliposomwa, mnara ukalisikia kwa mara ya kwanza tangu wapige nyundo na patasi.

Kitabu kikauliza, "Huyu wa tatu, alitoka kijiji gani? Alipenda kula nini? Aliacha mtoto?"

"Sijui," mnara ukajibu. "Walinipa jina tu. Nafasi yangu ni ndogo."

"Mimi nafasi ninayo. Ila hakuna aliyeniletea habari."

Wakati huo mama wa yule msichana akafika. Akainua mkono, akaugusa mnara. Akaupitisha mkono juu ya jina moja, taratibu, toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kitabu kikakaa kimya. Kilijua hakina pa kumpa yule mama aweke mkono wake.

Basi, hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

"Babu, sasa nani alishinda?"

Hakushinda mtu. Mimi napenda maktaba, siwafichi. Kama ningeulizwa, ningesema ijengwe maktaba kwanza. Lakini sitathubutu kumwambia yule mama kwamba jiwe halina kazi. Mwenye kufiwa anahitaji mahali. Anahitaji kusema, "Yuko hapa." Jiwe linampa hilo. Kitabu kinampa mtoto wake kilichobaki: alikuwa nani, ilikuwaje, kwa nini.

Tena vita hivi vimeandikwa kwa Kiswahili chetu, na mapema. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alitoa *Kuzama kwa Idi Amin*. Mwaka 1981 Henry Muhanika akatoa utenzi mzima, *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada*. Utenzi! Vita havijapoa, na mtu amekwisha kaa chini kupanga vina. Nawapenda watu wa namna hiyo.

"Babu, na mtu akitaka kuviona vitabu vya vita anaviona wapi?"

Bukoba mjini tunayo maktaba ya mkoa. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967. Aliichagua sikukuu ya Uhuru makusudi, mimi sina shaka na hilo. Ukiingia maktaba ya mkoa, msalimie mkutubi kwanza. Mwambie unachotafuta. Usione haya, kazi yake ndiyo hiyo, na hufurahi akiona mtoto amekuja na swali badala ya kuja kukwepa jua.

Kisha tazama mgongo wa kitabu. Kuna kikaratasi chenye namba. Namba hizo zilipangwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, na maktaba nyingi duniani huzitumia. Historia huanza na 9. Historia ya Afrika ni 960 na kitu. Sasa fuateni kidole changu. Rwanda ni 967.571. Burundi 967.572. Uganda 967.61. Kenya 967.62. Tanzania 967.8.

"Uganda na sisi tuko rafu moja?"

Rafu moja! Umeona mwenyewe. Waganda na sisi tumekaa hapo, Kenya na wengine kati yetu, kila mmoja mgongo wima, hakuna anayemsukuma mwenzake. Rafu haina mpaka wa kuvukwa na bunduki. Na ukichukua kitabu cha 967.61 utakuta Waganda nao waliteseka chini ya Amin, tena kabla yetu na kuliko sisi. Wengi wao walitoka majumbani kuwashangilia askari wetu walipoingia Kampala. Askari wa Amin aliyechoma nyumba kwetu ni mmoja, na mama wa Masaka, kule Uganda, aliyepoteza mwanawe ni mwingine. Jiwe la Kaboya haliwezi kukwambia hilo, maana si kazi yake. Rafu inaweza.

Sasa nataka kusema jambo linalonikaa rohoni. Mnara wa Kaboya ni wa askari, na ni haki yao. Lakini wale raia? Yule mama wa godoro? Mzee aliyesema, "Mimi siondoki, nani atachunga ng'ombe?" Hao majina yao tutayasoma wapi? Natamani ijengwe maktaba moja, Kyaka au Muleba, si lazima iwe kubwa. Vyumba viwili. Madirisha mapana, meza ndefu, benchi za watoto ziwe fupi ili miguu ifike chini. Na katika chumba kimoja rafu nzima ya madaftari ya vijiji, kila kijiji na lake: nani alikimbia, nani alibaki, nani hakurudi. Natamani sana. Nimewaambia wakubwa, sasa nawaambia ninyi, kwa kuwa ninyi mna miaka mingi mbele.

"Babu, hayo madaftari nani atayaandika?"

Nilikuwa nasubiri swali hilo. Wewe.

Usikunje uso. Mwishoni mwa miaka ya 1960 UNESCO na serikali walileta kisomo cha watu wazima mikoa hii ya ziwa, na kwetu kilifika. Watu wenye mvi walishika kalamu kwa mara ya kwanza. Baadaye likaanza hata gazeti la kuwasaidia wasisahau kusoma, likiitwa *Elimu Haina Mwisho*, kutoka Mwanza. Baadhi ya bibi zenu walijifunzia hapo. Bibi aliweza akiwa na watoto watano na shamba. Wewe una daftari, una kalamu, una jioni nzima.

Mwendee bibi akiwa ametulia, si wakati anamenya ndizi. Shikamoo kwanza. Kaa chini. Usianze na vita. Muulize nyumba yao ilikuwa wapi na ilikuwa na milango mingapi. Muulize nani alikuwa jirani upande wa kulia, nani upande wa kushoto. Ndipo umuulize siku ile ndege zilipopita alikuwa anafanya nini. Aliondoka na nini mkononi? Alilala wapi usiku wa kwanza? Nani aliwapa chakula? Alirudi lini, na alikuta nini kimesimama?

Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, funga daftari, mletee maji, mwendee siku nyingine. Majina yaandike anavyoyatamka yeye, la Kihaya na la ubatizo au la Kiislamu, yote. Tarehe akiwa haikumbuki, usimbane. Muulize, "Bibi, senene walikuwa wameanza kuanguka?" Senene, wale panzi tunaowala, huja hasa Novemba na Desemba, na mtu wa Kagera anaweza kusahau mwaka, hasahau walivyokosa senene. Andika hapo: ilikuwa kabla ya senene, au baada. Andika jina la kijiji juu ya ukurasa, na jina lako chini, ili atakayesoma ajue nani aliuliza.

Haya, nani ana daftari lenye kurasa zisizoandikwa?